Daftari la Walioacha

Katika kliniki zetu za magharibi mwa Kenya limo daftari la watu wanaotumia dawa ya kujikinga na virusi vya UKIMWI. Hawa si wagonjwa. Wamepimwa, wakaonekana hawana virusi, nao humeza kidonge kila siku ili wasije wakaambukizwa. Mwishoni mwa kila mstari ipo nafasi ya kuandika mwenendo wa mtu. Aliyerudi siku aliyoambiwa huwekewa alama. Ambaye hakurudi huandikwa kwamba ameacha, au kwamba amepotea, mithili ya mbuzi aliyekata kamba. Kisha walioacha huhesabiwa, hesabu hupelekwa juu, na huko juu watu huulizana ni kwa nini wanawake wa sehemu hizi ni wakaidi.

Nasema daftari hilo ni la uongo. Hesabu zake huenda zikawa sawa kabisa; uongo wake ni kumwandika mtu kwamba ameacha jambo ambalo hajapata kulichagua.

Nimekaa miaka mingi upande wa meza anaokaa mshauri. Baada ya kustaafu nimekuwa nikiwasindikiza wanawake na kukaa nao upande wa pili, kwenye benchi. Ukiwa kwenye benchi ndipo unaposikia vizuri jinsi maneno yetu yanavyoingia masikioni mwa mtu. Ushauri wenyewe, ndugu msomaji, mara nyingi ndio huu:

"Mama, tumekupima, uko sawa. Hii ni dawa ya kukukinga. Meza kimoja kila siku, usiruke hata siku moja. Utarudi baada ya mwezi. Una swali?"

"Sina, sista."

"Haya, asante. Aingie mwingine."

Basi yamekwisha. Mama huyo, mchuuzi wa omena aliyeamka saa kumi za usiku ili awahi ufukoni, hutoka na chupa ndani ya mkoba, nayo humlilia kama kayamba kila anapopiga hatua. Ati hana swali. Angeulizaje? Mtu huuliza habari ya jambo ambalo amekwisha kulijua nusu.

Hakuambiwa kwamba kwa mwanamke kinga haianzi siku ile ile, bali yahitaji kumeza siku 7 hivi mfululizo kabla ya kuitegemea. Hakuambiwa kwamba katika wiki za kwanza aweza kusikia kichefuchefu au kichwa kumuuma, na kwamba kwa walio wengi hali hiyo hupita. Kwa hiyo tumbo linapochafuka siku ya tatu yeye hudhani dawa imemkataa, akaimwaga chooni. Hakuambiwa kwamba kidonge hicho hakizuii mimba, wala kaswende, wala kisonono. Hakuulizwa anaishi na nani, wala ni nani hupekua kabati lake. Vidonge hivyo hutiwa katika chupa zinazofanana na zile za walioambukizwa, na dawa mojawapo iliyomo, tenofoviri, ndiyo hiyo hiyo wanayoitumia wao. Mama mkwe akiikuta chupa hataketi aulize maana yake. Atahukumu, na jioni hukumu itakuwa imefika kwa mwanawe.

Kuna na jambo jingine ambalo kliniki nyingi huona haya kulitaja. Ipo ratiba ya kumeza kwa siku za tendo tu, vidonge viwili kabla na kimoja kimoja kwa siku mbili baadaye. Ratiba hiyo ilijaribiwa kwa wanaume wanaolala na wanaume, na kwao ilifanya kazi. Mwanamke hapaswi kuitegemea, kwa kuwa nyama za uke zahitaji dawa ya siku nyingi zaidi ili zilindike. Nimekutana na wanawake watatu walioisikia mitaani wakaifuata. Waliisikia mitaani kwa sababu sisi tulinyamaza.

Tena hakuambiwa neno lililo kubwa kuliko yote, kwamba aweza kukataa. Na kwamba akikubali leo aweza kuacha kesho, ikiwa maisha yake yamebadilika na hatari imeondoka. Dawa-kinga si ya maisha. Aache tu kwa kumwarifu muuguzi, hasa kama ana virusi vya homa ya ini aina ya B, maana dawa hiyo huvizuia navyo, na ikikatwa ghafla ini laweza kuumia. Je, maneno hayo ni marefu mno hata yasisemeke?

Wakubwa wa tiba hawana udhuru wa kusema kwamba hawakujua. Walijua tangu mwaka 2011. Mwaka huo utafiti ulioitwa FEM-PrEP, uliowaandikisha wanawake zaidi ya 2,000 nchini Kenya, Afrika Kusini na Tanzania, ulisimamishwa kabla ya wakati wake kwa kuwa kidonge hakikuonekana kuwalinda. Bondo, hapa hapa kwetu kando ya Ziwa Viktoria, ilikuwa mojawapo ya vituo vyake. Damu ilipopimwa, waliokutwa na dawa mwilini hawakufika 4 katika kila 10, ilhali karibu wote walikuwa wamewaambia watafiti kwamba wanameza. Mwaka 2013 utafiti mwingine, VOICE, wa wanawake zaidi ya 5,000 wa Afrika Kusini, Uganda na Zimbabwe, ulileta jibu la namna hiyo hiyo.

Lakini katika miaka hiyo hiyo ulikuwapo utafiti wa tatu, wa Kenya na Uganda, uliofuata ndoa zaidi ya 4,700 ambamo mmoja ana virusi na mwenzake hana. Huo ulionyesha kwamba kidonge kile kile kilipunguza maambukizi kwa robo tatu hivi, na wanawake nao walilindwa. Kidonge kilikuwa kile kile. Nyumba kilimoingia ndizo zilizotofautiana. Katika ndoa hizo jambo lilikuwa limekwisha kuwekwa wazi kati ya wawili. Hapakuwa na chupa ya kufichwa chini ya unga, wala hapakuwa na mtu wa kujiuliza kama kweli yuko hatarini.

Sasa, elimu iliyotolewa hapo ilikuwa gani? Nilihudhuria semina moja ambako mtaalamu, kijana mwenye heshima zake, alituambia kwamba tatizo ni kuwa "hawa kina mama wanadanganya". Ukumbi ulicheka. Mimi sikucheka. Mtu hamdanganyi anayemuuliza kwa nia ya kujua. Humdanganya yule ambaye ameonyesha mapema kwamba kuna jibu moja tu analotaka kulisikia. Wengi wa wanawake wa FEM-PrEP walijiona hawamo hatarini. Kama walijiona hivyo, walitarajiwa wameze kwa ajili gani? Kwa kuwaridhisha watafiti? Walijibu swali kwa mdomo jinsi walivyoona adabu inavyotaka, kisha wakalijibu tena kwa damu yao, na jibu la pili lilikuwa la kweli. Nalo lilikuwa hapana.

Ingefaa tuanzie hapo. Badala yake tulianzia kwenye kuwahimiza. Wizara ilipoizindua dawa-kinga nchi nzima mwezi Mei 2017, jambo ambalo nalisifu kwa moyo wangu wote, maana nchi chache za Afrika zilithubutu mapema hivyo, mabango yalikuwa mazuri na vidonge vilikuwapo. Tukahesabu walioanza. Walioelewa hatukuwahesabu, kwa kuwa katika daftari hawakuwekewa nafasi.

Halafu kuna fomu. Kabla ya kumpa mwanamke dawa huulizwa ana wapenzi wangapi, amepokea fedha au zawadi kwa ajili ya kulala na mtu, ametumia pombe. Mke wa mtu huulizwa maswali hayo mbele ya karani, na mlango uko wazi. Hujibu kwamba anaye mmoja, mumewe. Kalamu hupita, fomu humwona kuwa salama, na mwanamke huyo hurudi kwa mume ambaye juma zima yuko kwenye mialo ya ziwa, mahali ambapo samaki hubadilishwa kwa mwili hata mtindo wenyewe ukapewa jina la jaboya. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na fomu haijapata kulala kitandani.

Anayebisha na atazame utafiti wa ECHO, uliotoa matokeo mwaka 2019. Ulifanywa Kenya, Afrika Kusini, Eswatini na Zambia. Wanawake 7,829 walikuja kutafuta njia ya kupanga uzazi. Hawakutafutwa vilabuni wala barabarani usiku. Walikuwa wanawake wa kawaida waliotaka sindano, kipandikizi au kitanzi. Walipewa ushauri na kondomu muda wote. Hata hivyo, kwa wastani, karibu 4 katika kila 100 waliambukizwa kwa mwaka. Hao ndio ambao fomu zetu zingewarudisha nyumbani kwa amani.

Wala tusidhani dharau hii ni ya vijijini kwetu pekee. Mwezi Januari 2025 serikali ya Marekani, ambayo fedha zake zilikuwa zikilipia sehemu kubwa ya dawa-kinga barani Afrika, ilisimamisha misaada. Februari iliruhusu baadhi ya huduma za UKIMWI ziendelee, lakini dawa-kinga ikaruhusiwa kwa wajawazito na wanaonyonyesha tu. Isome tena amri hiyo polepole. Mwanamke alistahili kinga alipobeba mtoto, na alipomwachisha ziwa kustahili kwake kukaisha. Binti wa miaka 19 ambaye hajazaa hakuwamo. Mke asiyetaka mimba nyingine hakuwamo. Nimewasikia watu wakisema kwamba afadhali nusu shari kuliko shari kamili. Sawa, dawa ilipatikana kwa wachache, na mtoto asiambukizwe, ni jambo jema. Lakini fikira iliyo ndani ya amri ile naijua, ni jamaa ya karibu ya fikira iliyo ndani ya fomu: kwamba mwili wa mwanamke hulindwa kwa ajili ya mtu mwingine.

Naambiwa kwamba nikitaka mwanamke aelezwe yote nitamchanganya. Huu ndio utetezi ninaousikia zaidi, tena kutoka kwa watu wema. Wanasema mama hakusoma, foleni ni ndefu, mweleze lililo muhimu tu. Lakini mama huyu "asiyesoma" huijua bei ya gunia la omena katika masoko matatu, hujua ni tajiri gani hukopesha kwa riba na ni yupi hudanganya mizani, na kabla ya kuingia katika chama cha akina mama hutaka kuelezwa kila kipengele: nani huweka fedha, nani hutoka lini, na anayetoka hurudishiwa nini. Akili ya kupima faida na hasara anayo. Hupimia humo kila siku. Kinachomchanganya ni kuambiwa nusu, halafu nusu ya pili akaipata kwa jirani ikiwa imetiwa chumvi.

Kuhusu foleni nakubali. Muuguzi mmoja na wagonjwa 60 si jambo la kulaumiwa muuguzi. Lakini dakika za kujaza daftari hupatikana kila siku. Ni dakika za kuongea tu ambazo hupungua.

Wale wanaosema kwamba dawa-kinga itawafanya wasichana wawe malaya sina haja ya kukaa nao sana. Maneno hayo hayo yalisemwa juu ya kondomu, na kabla yake juu ya vidonge vya uzazi, na waliokuwa wakiyasema hawakupata kuyasema juu ya mabinti zao wenyewe.

Hoja ya tatu ni ngumu zaidi. Mtu huniuliza, "Kwa nini nimweleze habari ya pete na sindano wakati kwenye kabati langu kuna vidonge tu? Si kumtamanisha bure?" Naiheshimu hoja hiyo kwa kuwa inatoka kwa muuguzi aliyechoka kuomba radhi kwa niaba ya serikali. Jibu langu ni kwamba amweleze. Mwanamke asiyejua kwamba kitu kipo hawezi kukidai, na kisichodaiwa hakiletwi. Tena ajue kwamba kukataa kwake kidonge si kukataa kinga. Huenda amekataa chupa inayolia mkobani, basi. Yakiandikwa mahali pamoja, mambo hayo mawili huonekana kuwa ni moja, na hapo ndipo daftari linapotupoteza.

Ushahidi upo. Vijijini Kenya na Uganda ulifanywa utafiti, matokeo yake yakatolewa mwaka 2024, ambapo watu waliwekewa mezani njia kadhaa: kidonge cha kila siku, dawa ya dharura ya baada ya tendo, na sindano ya kila miezi miwili. Waliruhusiwa kubadili kila walipotaka, na kuacha, na kurudi. Wengi wao walikuwa wanawake. Waliopewa hiari hiyo walikuwa chini ya kinga kwa asilimia 70 hivi ya muda wao. Waliohudumiwa kwa njia ya kawaida, asilimia 13. Katika kundi la kwanza hakuna hata mmoja aliyeambukizwa. Wale waliobadili na kuacha na kurudi, katika daftari letu tungewaandika wakaidi.

Hiyo pete niliyoitaja ni ya mpira laini yenye dawa ya dapivirini, mwanamke huivaa mwenyewe ukeni akaiacha humo siku 28, na mwanamume si lazima ajue. Mwaka 2016 tafiti mbili zilionyesha kwamba ilipunguza maambukizi kwa asilimia 27 na 31. Shirika la Afya Duniani liliikubali Januari 2021 kama njia mojawapo ya kuchagua. Mwishoni mwa mwaka huo ombi la kuisajili Marekani liliondolewa na wenyewe walioiandaa, baada ya kuona kwamba wakuu wa dawa wa huko hawangeikubali. Nimewasikia madaktari wakiicheka pete: asilimia 30, wanasema, ni kinga gani hiyo? Mimi nasema mwanamke aambiwe wazi kwamba pete hukinga kidogo kuliko kidonge kinachomezwa vizuri, na kuliko sindano. Kwamba haimkingi akiingiliwa kinyume. Na kwamba haisaidii kitu ikikaa kabatini. Akiyajua hayo, akasema kwamba katika nyumba yake pete ndiyo pekee iwezekanayo, anayemcheka amwonyeshe nyumba nyingine ya kuishi.

Sasa zimekuja sindano, na hapa nina hofu ambayo wenzangu wengi hawana. Nazifurahia, nisieleweke vibaya. Ile ya kila miezi miwili, kabotegraviri, ilijaribiwa kwa wanawake 3,224 katika nchi saba, Kenya ikiwemo, na matokeo yaliyotolewa Novemba 2020 yalihesabu maambukizi 34 kwa waliopewa kidonge na 4 kwa waliopewa sindano. Ile ya kila miezi sita, lenakapaviri, ilijaribiwa Afrika Kusini na Uganda kwa mabinti wa miaka 16 hadi 25. Mwezi Juni 2024 ilitangazwa kwamba kati ya 2,134 waliodungwa hakuna hata mmoja aliyeambukizwa. Nilizisoma habari hizo mara mbili, kisha nikatoka nje nikakaa chini ya mwembe. Tulizika watu wengi mno kabla ya kufika hapa. Na mwaka 2025 makampuni ya dawa ya India yaliingia mikataba ya kuiuza lenakapaviri isiyo na jina la kampuni kwa dola 40 kwa mwaka katika nchi 120, kuanzia 2027.

Hofu yangu ni sababu zinazowafanya wakubwa waipende. Nimewasikia wakisema, "Hii ni nzuri, akishadungwa hawezi kuacha." Kweli, hawezi. Kidonge chaweza kumwagwa na pete yaweza kuvuliwa, lakini dawa iliyokwisha kudungwa hukaa mwilini miezi mingi, apende asipende. Sifa wanayoitaja ndiyo hasa inayotaka maneno yawe mengi zaidi kabla ya sindano. Kwa sababu daftari la miezi sita litapendeza sana. Safu ya walioacha itakuwa nyeupe, hata kama nusu ya waliodungwa hawajui walichodungwa.

Mwanamke anayeletewa lenakapaviri aambiwe kwamba hudungwa chini ya ngozi ya tumbo, na kwamba aweza kubaki na kinundu pale pale kwa muda. Asidhani ni uvimbe mbaya. Aambiwe kwamba siku ya kwanza na ya pili kuna vidonge vya kumeza pamoja na sindano, na kwamba asipovimeza kinga hukawia. Aulizwe kama anatumia dawa ya kifua kikuu, maana rifampisini hupunguza nguvu ya sindano hiyo. Aambiwe kwamba akitaka kuacha, dawa hutoka mwilini polepole na kiasi chake hupungua hata kisiweze kukinga, na kwamba akiambukizwa wakati huo virusi vyaweza kuizoea. Kwa hiyo kama bado yumo hatarini aingie njia nyingine bila kukawia. Aambiwe njia nyingine hizo ni zipi. Afungiwe mlango anapoulizwa ya chumbani kwake. Na akishasikia yote akasema, "Sista, naomba niende nikafikiri, nitarudi Jumatatu," basi katika daftari iandikwe Jumatatu.